Ngeli Saba za Wenye Vijiti: Uainishaji wa Awali wa Antena za Feraiti katika Masafa ya Chini

1. Tatizo la utafiti

Elimu ya viumbe imekwisha kuainisha mende, nyangumi na uyoga. Wanasarufi nao wameainisha nomino, na siku watakapomaliza kugombana watatutajia ngeli ni ngapi. Ila kuna jamii moja ya binadamu iliyosahauliwa na kila jedwali: wanaredio wa ridhaa wanaoshikilia kwamba kijiti cheusi, kisichozidi kiganja na kidole, kinatosha kunasa wimbi lenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili. Makala haya yanakusudia kuwapa hadhi ya kisayansi, watake wasitake.

Mipaka ya somo ni hii. Wanaredio wa ridhaa ni watu wenye leseni ya kurusha na kupokea mawimbi kwa mapenzi yao, bila malipo na mara nyingi bila kuulizwa. Mwaka 2007, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva uliwatengea kipande cha kilohezi 135.7 hadi 137.8, kwa masharti kwamba nguvu inayorushwa angani isizidi wati 1. Mkutano wa 2012 ukawaongezea kilohezi 472 hadi 479. Kipande cha kwanza ndicho makazi asilia ya jamii tunayoichunguza. Wimbi lake lina urefu wa mita 2,190 hivi. Mlingoti wa wima wa robo wimbi ungehitaji mita 550, kimo ambacho hakuna mke, mume wala afisa mipango miji atakayekiidhinisha.

Upana wa kipande chote ni kilohezi 2.1, yaani sauti ya mtu mmoja kwenye simu ya kawaida haienei humo. Kwa hiyo wakazi wake hawazungumzi. Hutuma Morse ya mwendo wa kinyonga, ambayo nukta yake moja inaweza kuchukua sekunde 3, 30, au hata dakika nzima. Au hutumia mtindo wa kidijitali wa WSPR, uliobuniwa na Joe Taylor, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 1993, ambao ujumbe wake mmoja mfupi huchukua karibu dakika 2. Huo ndio ulimwengu ambamo kijiti huishi: ulimwengu usio na haraka na wenye makelele yasiyokoma.

2. Nadharia: Kanuni ya Ukataaji

Feraiti ni kigae. Oksidi ya chuma huchanganywa na manganizi na zinki, au nikeli na zinki, kisha huchomwa tanurini kwa joto linalopita nyuzi 1,000. Yogoro Kato na Takeshi Takei waliivumbua Tokyo mwaka 1930, na kampuni ya TDK ikaanzishwa mwaka 1935 ili kuitengeneza kwa ajili ya soko. Huko Uholanzi J. L. Snoek wa Philips aliiendeleza, na baadaye ikaingia katika redio za mezani duniani kote.

Sifa zake ni mbili. Kwanza, hukusanya mistari ya sumaku ya wimbi na kuipitisha ndani ya koili ya waya iliyozungushwa juu yake, pasipo kupoteza nguvu nyingi kama joto, jambo ambalo pande la chuma lisingeweza. Pili, husikia kwa mbavu na ni kiziwi kwa ncha. Kituo kilicho ubavuni mwa kijiti huingia vizuri. Kituo kilicho mbele au nyuma ya ncha hupotea.

Kinachonaswa ni kidogo mno. Hapo wapinzani hucheka, nao hucheka mapema. Katika kilohezi 137 anga haijapata kunyamaza. Kila radi hurusha mlipuko wa mawimbi ya masafa ya chini yanayosafiri maelfu ya kilomita katikati ya ardhi na ayonosfia. Mojawapo ya maghala makuu ya radi duniani liko katika bonde la Kongo. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba eneo la Kabare, katika Kivu, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hupata mimweko ya radi zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Msikilizaji wa Ulaya anayelalamikia mikwaruzo usiku huenda analalamikia mvua ya Kivu.

Matokeo yake ni haya. Antena ikishafikia hatua ya kusikia mikwaruzo ya anga zaidi ya mvumo wa mashine yenyewe, kuikuza hakusaidii tena, kwa kuwa ujumbe na mikwaruzo huongezeka pamoja. Ni sawa na kwenda kwenye kigodoro na masikio ya tembo kwa nia ya kusikia mnong'ono. Kutokana na hayo tunatunga Kanuni ya Ukataaji: *katika masafa ya chini, antena ya kupokelea hupimwa kwa kelele inazozikataa.* Na kwa kuwa antena hufanana na mwenye nayo, watu wake nao wataainishwa kwa kile wanachokikataa.

3. Ngeli

Tunazipanga kuanzia ukataaji hafifu kwenda ukataaji mkomavu. Msomaji atambue kwamba, tofauti na ngeli za kisarufi, hizi hazina upatanisho. Wenye ngeli tofauti hawapatani kabisa.

*Ngeli ya kwanza: Wasiojijua.* Ndiyo kubwa kuliko zote. Karibu kila redio ya transista yenye masafa ya kati ina kijiti cha feraiti ndani, kimelala kando ya saketi. Mzee aliyeizungusha redio mezani mpaka Radio Tanzania Dar es Salaam ikakaa sawa, kisha akatangaza kwamba asiiguse mtu, alikuwa akifanya kazi ya uelekezaji wa antena bila shahada. Barani Ulaya ngeli hii imetundikwa ukutani: ni saa zinazojirekebisha zenyewe kwa ishara ya kilohezi 77.5 kutoka Mainflingen, Ujerumani, au kilohezi 60 kutoka Anthorn, Uingereza. Ndani ya saa hizo mna kijiti kidogo kuliko kidole. Mwenye saa akiitundika huku ncha ya kijiti ikielekea kituoni, saa hukosa majira, naye hubadilisha betri. Anachokataa ni kufungua mfuniko.

*Ngeli ya pili: Waokotaji.* Hawa hawawezi kupita mbele ya kibanda cha fundi redio bila kuchungulia lundo la mizoga chini ya meza. Wanachowinda ni kijiti cha unene wa milimita 10 na urefu wa sentimita 20, kikipatikana. Alama yao ya kimwili ni gundi vidoleni, kwa sababu kigae hakina msamaha: kikianguka kwenye sakafu ya saruji huwa viwili. Mwokotaji hutangaza kwamba sasa ana antena mbili, kisha usiku huziunganisha. Kwa macho, kiungo huonekana safi. Kwa sumaku, ufa mwembamba kama unywele ni daraja lililobomoka, na kijiti kilichogandishwa hakirudi kuwa kile cha jana. Mwokotaji anakataa kununua kipya.

*Ngeli ya tatu: Wajumlishi.* Hawa wamegundua kwamba kijiti kimoja ni kidogo, wakahitimisha kwamba vinne vitakuwa vikubwa. Wana mbari mbili zisizooana. Wanamganda hufunga vijiti pamoja kama kuni na kukariri kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Wanamsururu huvipanga kichwa kwa mkia ndani ya bomba la plastiki. Kila mbari huita nyingine potofu, na hadi sasa hoja zimekuwa za sauti.

Tulifanya hesabu. Tukikichukulia kijiti kuwa duaradufu refu, jinsi vitabu vya sumaku hufanya ili hesabu iishe kabla ya chakula, uwezo wa kijiti hautegemei madini yake peke yake. Hutegemea pia uwiano wa urefu na unene. Tuchukue vijiti vinne vya mwokotaji, vya nikeli na zinki, vyenye upenyezi wa sumaku wa 125. Kijiti kimoja hukusanya mara 68 ya kile ambacho koili ya unene uleule ingekusanya ikiwa tupu. Mganda wa vinne hufika mara 142, na msururu wa vinne mara 116. Wanamganda washangilie.

Sasa tubadili madini. Vijiti viwe vya manganizi na zinki, upenyezi 2,000, yaani mara 16 ya vile vya kwanza. Mganda hupanda kutoka 142 hadi 192 tu, ongezeko la theluthi moja na ushei, kwa sababu ufupi wake umeshaukaba. Msururu hupaa hadi 880. Wanamsururu washangilie, lakini kwa sauti ya chini, kwa kuwa hesabu hiyo inadai viungo visivyo na upenyo wowote, na viungo vya namna hiyo bado havijaonekana nje ya karatasi. Kwa hiyo ugomvi wa vizazi una jibu: aliyepata vijiti vya upenyezi mdogo afunge mganda, aliyepata vya upenyezi mkubwa apange msururu na asugue ncha mpaka zing'ae. Wajumlishi wameletewa jibu hili na wamelikataa. Ndicho kitambulisho chao.

*Ngeli ya nne: Wasusi.* Hawajali kijiti, wanajali waya. Umeme wa kilohezi 137 hausafiri katika unene wote wa shaba. Hubana juujuu, katika kina cha milimita 0.18 hivi, na moyo wa waya mnene hubaki bila kazi. Dawa ni waya wa Litz: nyuzi nyingi nyembamba, kila moja imepakwa vanishi yake, zimesukwa pamoja ili kila uzi upate zamu ya kukaa nje. Msusi huweza kutumia jioni nzima kuondoa vanishi hiyo uzi mmoja mmoja, maana uzi mmoja usioshika risasi ni hasara anayoijua yeye tu.

Malipo yake ni koili kali, yenye kile ambacho mafundi hukiita Q. Q ya 200 humaanisha kwamba antena husikia upana wa kilohezi 0.7 hivi na kupuuza mengine. Kwa kituo kikubwa cha jirani kinachotaka kuziba masikio ya mashine, hiyo ni kinga kubwa. Lakini kipande chote kina kilohezi 2.1. Msusi aliyefanikiwa husikia theluthi moja ya makazi yake kwa wakati mmoja, na kila akitaka kuhama lazima azungushe kapasita. Zaidi ya hayo, upenyezi wa feraiti hubadilika na joto. Jua likichomoza nyuma ya wingu, antena iliyoachwa barazani huhama yenyewe kutoka kwa kituo ilichokuwa inasikiliza. Msusi huikataa theluthi mbili ya leseni yake, na hali ya hewa humkatalia iliyobaki.

*Ngeli ya tano: Warushaji.* Ni ngeli adimu na ya kusikitisha. Hawa huuliza: kama kijiti hupokea, kwa nini kisirushe? Kanuni za fizikia hujibu kwa upole. Kijiti cha sentimita 20 chenye mizunguko 50 kina ukinzani wa mnururisho usiofika hata sehemu moja ya bilioni ya omu, ilhali waya na kigae vyenyewe vina ukinzani wa omu nzima au zaidi. Wati 100 zikiingia, zinazorushwa angani huhesabiwa kwa nanowati. Zilizobaki hupasha kijiti moto. Feraiti nayo hujaa sumaku ikifika tesla 0.3 hadi 0.5, na baada ya hapo hukoma kusaidia. Ikipita kiwango fulani cha joto, ambacho kwa baadhi ya aina ni nyuzi 130 tu, hupoteza sumaku yake yote mpaka ipoe. Ikipashwa moto upande mmoja, hupasuka.

Wanaredio wa kawaida wa kipande hiki hupata shida hiyohiyo kwa kiwango kidogo: nyaya ndefu juu ya paa, koili ya ukubwa wa pipa, mamia ya wati chini ili wati 1 au pungufu itoke juu. Mrushaji wa kijiti amewazidi kwa jambo moja. Hakuna mkaguzi wa mamlaka yoyote atakayemkuta amevuka kiwango. Anachokataa ni ushahidi.

*Ngeli ya sita: Wageuzaji.* Hapa ukataaji unakuwa sanaa. Mgeuzaji ameelewa kwamba upande wa kusikia ni mpana na mvivu. Ukikigeuza kijiti nyuzi 45 kutoka mahali pazuri, unapoteza desibeli 3 tu, ambazo sikio haliombolezi. Lakini upande wa uziwi ni mwembamba na mkali. Nyuzi chache huku au kule, na kelele iliyokuwa imetoweka inarudi. Kwa hiyo mgeuzaji hakielekezi kijiti kwenye kituo anachokitafuta. Huelekeza ncha kwa adui, kisha huridhika na kituo kokote kiliko.

Adui ni wengi. Chaja za simu na taa za LED hukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na makombo yake huanguka katika kilohezi 137. Ulaya ina kituo cha Burg, karibu na Magdeburg, kinachotuma kwa kilohezi 138.83 amri kwa vifaa vya mitandao ya umeme, mlangoni kabisa mwa wanaridhaa. Mgeuzaji wa Uingereza huelekeza ncha mashariki, Burg ikanyamaza, naye akafurahi. Lakini kijiti kina ncha mbili. Ile ya pili sasa inatazama magharibi, si mbali na njia ambayo ishara za Marekani ya Kaskazini hufuata, nazo hupungukiwa sehemu kubwa ya volti zake. Wengine huongeza antena fupi ya wima ili kuua ubavu mmoja na kuokoa mwingine, kisha humgeuzia adui ubavu mfu. Ujanja huo hufanya kazi, ila antena ya wima nayo huja na kelele zake za nyumbani.

Ngeli hii hujulikana pia kwa ganda la karatasi ya shaba inalokivisha kijiti ili kuzuia kelele za umeme tuli. Ganda hilo lazima liachwe na mwanya kwa urefu wake. Likifunga duara, linageuka kuwa mzunguko mmoja wa waya uliofungwa, na kijiti hukataa kila kitu bila ubaguzi.

*Ngeli ya saba: Wahamaji.* Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wahamaji wamethibitisha kinyume chake. Kelele ya chaja au taa ni chanzo kidogo kilicho karibu, na ndani ya mamia machache ya mita ya kwanza uga wake wa sumaku hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Kihamishe kijiti kutoka mita 5 hadi mita 10, kelele hiyo inashuka hadi sehemu moja ya nane, desibeli 18, huku kituo cha ng'ambo ya bahari kikiwa hakijatambua kwamba umehama. Hakuna mganda, msururu wala msuko unaotoa desibeli 18 kwa hatua saba. Sharti lake ni moja: kelele isiwe imepanda nyaya za umeme na kukufuata mpaka uani, kama inavyopenda kufanya. Mhamaji hutambulika kwa betri, kebo ndefu, na tochi kichwani. Anaikataa nyumba yake.

4. Jiografia ya ngeli

Jamii hii imeenea zaidi Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na hapo nadharia inakumbana na kejeli. Kaskazini, usiku wa baridi, mashambani mbali na taa, radi hupungua na anga hukaribia utulivu. Hapo ndipo udhaifu wa kijiti kifupi hufichuka: mvumo wake mwenyewe unaweza kuzidi ule wa anga, na Wajumlishi wanapata sababu ya kuishi. Karibu na Ikweta, mikwaruzo ya anga ni mikali kiasi kwamba kijiti cha redio iliyokufa hukifikia kiwango cha kelele ya asili mapema zaidi. Kwa mantiki, makao bora ya antena hii yangekuwa kwenye nchi ambazo alama zao za wito za redio huanza na 5H, 5Z na 5X, yaani Tanzania, Kenya na Uganda. Anayesikiliza kutoka Mwanza hana haja ya masikio makubwa. Haja yake ni kujua dhoruba ya leo iko upande gani wa ziwa, na ncha iangalie huko.

5. Ufunguo wa utambuzi

Kwa matumizi ya nyanjani, mtafiti amkaribie mhusika taratibu, ikiwezekana usiku, na ajibu maswali yafuatayo kwa mpangilio.

1. Mhusika ana kijiti cha feraiti? Ndiyo: nenda 2. Hapana: nenda 8.
2. Anajua kwamba anacho? Hapana: Wasiojijua, usimfungulie saa. Ndiyo: nenda 3.
3. Kijiti kina moshi? Ndiyo: Warushaji, zima umeme kwanza. Hapana: nenda 4.
4. Mhusika yuko nje ya nyumba huku familia ikiwa ndani? Ndiyo: Wahamaji. Hapana: nenda 5.
5. Anakizungusha kijiti huku amefumba macho? Ndiyo: Wageuzaji, muulize taa ipi ya jirani. Hapana: nenda 6.
6. Anazungumzia waya kabla hujamuuliza? Ndiyo: Wasusi. Hapana: nenda 7.
7. Ana vijiti zaidi ya kimoja? Vimefungwa au vimepangwa: Wajumlishi, usitaje neno "mganda" wala "msururu". Vilikuwa kimoja jana: Waokotaji.
8. Hana kijiti, waya wala betri, lakini ana jedwali na maoni juu ya vijiti vya wengine: huyo ni mwainishaji. Anakataa kusikiliza chochote, na kwa Kanuni ya Ukataaji ndiye antena bora kuliko zote.